Mazoea hayaivi kwa siku 21

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni yangu kuhusu makala za kujiendeleza ambazo gazeti lako limekuwa likizichapisha tangu mwanzoni mwa Januari, hususan zile zinazomwahidi msomaji kwamba akilishika jambo fulani kwa siku 21 mfululizo, basi jambo hilo litakuwa limeshakuwa tabia yake na halitamtoka tena. Sina ugomvi na nia ya waandishi wako. Mimi ni karani mstaafu, nimetimiza miaka 67, na karibu kila ninachoweza kujivunia leo kimetokana na vijambo vidogo vilivyorudiwa kila siku kwa miaka mingi. Ugomvi wangu ni na hiyo hesabu ya siku 21, na hasara ninayoiona ikiwapata watu wanaoiamini.

Hesabu hiyo ina asili yake, na haikuanzia katika utafiti wa tabia. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Marekani, Maxwell Maltz, ambaye kazi yake ilikuwa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kitabuni kwamba wagonjwa wake walihitaji kwa uchache siku 21 hivi kuizoea sura mpya waliyoiona kwenye kioo, na kwamba aliyekatwa mguu au mkono huendelea kwa muda kama huo kuhisi kiungo chake bado kipo. Hayo yalikuwa mambo aliyoyaona daktari kwa watu wanaozoea jambo lililokwisha kutendeka. Mgonjwa hakutakiwa kuamka mapema, wala kujinyima, wala kukimbia. Alitakiwa kujitazama tu. Maneno "kwa uchache" yakadondoka njiani, neno "sura" nalo likadondoka, hata tukabaki na siku 21 zinazotajwa kwenye semina kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Walioamua kupima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Walichukua watu 96, wakawafuatilia kwa wiki 12, na kila mmoja alijichagulia jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akalifungamanisha na tukio ambalo tayari lilikuwa katika siku yake, kama vile kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa. Wastani wa siku zilizohitajika mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma ulikuwa 66. Hata hivyo wastani huo unaficha tofauti kubwa, kwa kuwa kuna aliyehitaji siku 18 tu, na kuna ambaye makadirio yake yalifika siku 254, yaani zaidi ya miezi minane. Kunywa maji kulizoeleka upesi, mazoezi ya mwili yalichelewa. Jambo ambalo ningependa waandishi wako walitilie mkazo ni kwamba watafiti hao waliona kuwa kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Aliyekosa Jumanne akarudi Jumatano alikuwa yuko njiani vilevile.

Nalisema hili kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyo, ambaye anauza vifaa vya simu, alilipa kiingilio kwenda kwenye semina mwezi wa Desemba, akarudi na karatasi ya manila aliyoibandika ukutani juu ya kitanda. Karatasi ilikuwa na mambo 11: kuamka saa kumi alfajiri, kukimbia, kusoma kitabu kimoja kila wiki, kujifunza Kifaransa, kuacha soda, kuweka akiba, na mengine ambayo sasa nimeyasahau, na sidhani kama yeye mwenyewe anayakumbuka. Chini yake palikuwa na visanduku 21 vya kutia alama ya vema. Siku tisa zilipita vizuri kweli, tena alikuwa akipita nyumbani kwangu kunionesha picha ya karatasi hiyo kwenye simu. Siku ya kumi homa ikamlaza, akakaa siku mbili kitandani akitazamana na visanduku vitupu. Alipopona aliibandua karatasi. "Mjomba," aliniambia, "mfululizo umeshakatika. Bora nisubiri mwezi ujao uanze, nianze upya vizuri." Mwezi ujao ulifika, na karatasi ikabaki imekunjwa juu ya kabati.

Homa ya siku mbili haikumwondolea uwezo wa kusoma wala wa kuacha soda. Kilichomwangusha ni kuhesabu siku mfululizo, kwa sababu anayehesabu hivyo akikosa moja huona amepoteza zote. Na kosa la pili, ambalo mara nyingi halisemwi, ni kwamba alipanga mambo yake kwa kipimo cha siku njema. Jambo la kila siku inafaa lipimwe kwa siku mbaya: siku ya homa, siku ya msiba, siku ambayo umeme umekatika na mtoto analia. Kama halitendeki siku hiyo, basi ni kubwa mno, hata likionekana dogo Januari mosi.

Niruhusu nieleze kwa mfano nilioukuta nyumbani kwetu. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, katika salamu zake za mwaka mpya, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hilo nalo lilikuwa azimio la mwaka mpya, ukilitazama vizuri. Wakati huo tuliishi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, baba akifanya kazi korona, yaani kwenye mtambo wa kuchakata mkonge, mama akilima na kutulea, na mama hakujua kusoma herufi za kizungu hata moja ingawa Kurani aliijua kwa kuhifadhi. Mwaka uliofuata, nami nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, alijiandikisha katika darasa la kisomo lililokutana saa kumi alasiri chini ya mwembe. Aliyefundisha alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, anayejitolea, mdogo kuliko kaka yangu mkubwa, na akina mama wale walimwita mwalimu bila kusita.

Mama hakuwa na muda wa kudurusu, na hilo mwalimu wake alilijua. Kila jioni, kabla hajafukia moto kwa majivu, mama alichukua kipande cha mkaa akaandika neno moja, lile alilofundishwa siku hiyo, upande wa nje wa mlango wa jiko. Alfajiri alipokwenda kuwasha moto, neno lilikuwa pale usoni pake. Hakuweza kuufungua mlango bila kukutana nalo. Alilisoma kwa sauti, akalifuta kwa kitambaa kibichi, akaingia. Nikikumbuka vizuri, neno la kwanza aliloliandika peke yake bila kutazama daftari lilikuwa "maji", na herufi j aliigeuza mkia upande usio wake. Sisi watoto tulicheka, naye akatuacha tucheke, kesho yake akaliandika tena. Siku alizougua hakuandika. Siku ambazo neno la juzi lilikuwa bado halijafutika, alilisoma lile lile la juzi.

Inafaa nitaje jambo la pili, kwa sababu wengi hudhani kazi huisha mtu akishajua. Jirani yetu mmoja alisoma darasa lile lile, akafaulu mtihani ule ule, pengine kwa alama za juu kuliko za mama. Baada ya cheti akaweka daftari sandukuni. Miaka michache baadaye mwanawe alimwandikia barua kutoka Dar es Salaam, naye akaileta kwetu asomewe, akisema macho yanamsumbua. Macho hayakuwa na tatizo. Mama kwa upande wake alikuwa ameshika desturi nyingine: baina ya magharibi na isha, akiwa bado mkekani, alisoma karatasi yoyote iliyoingia nyumbani. Zama hizo sukari na karanga zilifungwa kwa magazeti, na mama alizikunjua karatasi hizo, akazilaza gotini na kuzisoma, habari za miezi sita iliyopita, nyingine zimekatwa katikati ya sentensi. Alisoma hivyo mpaka alipofariki mwaka 2009. Nani aliyekuwa na akili zaidi kati ya hao wawili, siwezi kusema. Najua aliyekuwa na mkeka.

Serikali ya wakati ule iliyafahamu haya, au angalau waliobuni kampeni zake waliyafahamu. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu hawakuambiwa tu wawe wasafi. Walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio kwa muda wa wiki 12, siku na saa ikijulikana, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka na kazi ndogo ya kufanya nyumbani: kufyeka majani yanayoizunguka nyumba, kufukia dimbwi, kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo. Tena asiyeonekana aliulizwa. Mambo yaliyodumu kwetu kutokana na kampeni ile ni yale yaliyokuwa na mahali pake katika siku, na yale yaliyokuwa na mtu wa kukuuliza. Hata vikundi vya leo vya kuweka akiba na kukopeshana, vya VICOBA, kwa maoni yangu, nguvu yake si riba wala mkopo. Ni lile sanduku lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake wameshika watu watatu tofauti, na ni ile siku ya wiki ambayo kiti chako kikiwa kitupu wote wanakiona.

Nao walimu wetu wa chuo cha Kurani walilijua jambo hili kabla ya semina zote. Mtoto hupewa aya chache, na hapewi nyingine mpaka arudishe za jana. Wanaotaka kuhitimisha msahafu katika mwezi wa Ramadhani hufundishwa hesabu nyepesi: msahafu unaotumika zaidi una kurasa 604, juzuu moja ni takriban kurasa 20, basi ukisoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi umemaliza juzuu kwa siku, na juzuu zote 30 kwa mwezi. Anayejaribu kuzisoma kurasa 20 kwa mkupuo mmoja usiku, baada ya futari na uchovu, mara nyingi hupitwa ifikapo kumi la pili. Kiasi ni kile kile kwa wote wawili. Mmoja ametundika kazi yake kwenye misumari mitano iliyokwisha kupigiliwa ukutani, mwingine anatafuta msumari kila usiku gizani. Bibi Aisha amepokea kutoka kwa Mtume kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, na mwalimu wangu aliirudia hadithi hiyo kila tulipotaka kumwonesha bidii ya siku moja.

Ningekuwa mnafiki kama ningeandika haya bila kukiri kwamba mimi mwenyewe niliyasahau. Baada ya kustaafu, kipimo cha presha kilinitisha, na daktari akanishauri nitembee angalau nusu saa, siku tano kwa wiki. Nikanunua raba nyeupe. Nikawa natoka kwetu Ngamiani, hapa mjini Tanga, mpaka Raskazone na kurudi, kifua mbele, nikiwasalimia watu kama mgombea. Mvua za masika zilipoanza mwezi Machi nikapumzika siku mbili, kisha wiki, na raba zikaingia mvunguni. Nilirudi katika kutembea kwa njia ambayo haikuwa na fahari yoyote. Mkate wa chai ya asubuhi, ambao zamani nilimtuma mjukuu, nikaamua kuununua mwenyewe nikitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri. Wanaoifahamu Ngamiani wanajua kwamba barabara zetu zina namba, kwa hiyo kipimo changu kilikuwa tayari: naishi barabara ya tisa, na mkate uliuzwa barabara ya kumi na moja. Barabara mbili kwenda, mbili kurudi. Baada ya miezi kadhaa nilipoona miguu inataka zaidi, nikahama muuza mkate, nikawa nanunua barabara ya kumi na saba. (Muuza mkate wa kwanza alininunia kwa muda, akidhani nimemchukia, mpaka nilipomweleza kwamba nimehamishwa na daktari.) Mvua ikinyesha nachukua mwavuli, maana chai imeshatengwa na mke wangu anasubiri, na nikizidiwa narudi kwa muuza mkate wa zamani, barabara zile mbili tu. Presha imeshuka. Sisemi ni kutembea peke yake, kwani dawa nazo nameza kila siku, na nazo nimeziweka kando ya birika la chai ili nisizisahau.

Kuna jambo moja katika makala zenu ambalo limenikera zaidi ya hesabu ya siku, nalo ni ule ushauri wa kuamka saa kumi alfajiri ili "kujipatia saa yako mwenyewe". Mwandishi anamwandikia nani? Mama lishe anayepika karibu na stendi ameshaamka saa tisa usiku, ameshakoka moto, na maharage yako jikoni. Mlinzi wa usiku saa hiyo ndiyo kwanza anautafuta ukuta wa kuegemea. Ukiwaambia watu hao kwamba maendeleo yanataka kuamka mapema, unawaambia kwa lugha ya adabu kwamba umaskini wao ni uvivu, na jambo hilo si kweli. Mazoea madogo hayaongezi mshahara, wala hayapunguzi bei ya mafuta ya kula, na anayeuza semina kwa kudai vinginevyo anauza maneno.

Lakini hata kwa mtu asiye na saa yake, kuna dakika ambazo siku yenyewe inazitoa. Mama lishe mmoja ninayekula kwake mara kwa mara alianza mwaka juzi kuandika, wakati anasubiri maharage yachemke, namba tatu za jana katika daftari la mwanawe: alichonunua, alichouza, na anachodai wateja. Namba tatu, hakuna zaidi, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Baada ya miezi mitatu hivi aliona mwenyewe kwamba maandazi, ambayo ndiyo aliyosifiwa nayo, yalikuwa yakila faida ya wali kwa sababu ya mafuta. Akapunguza maandazi. Wateja tulilalamika, mimi nikiwa wa kwanza, naye akatuonesha daftari.

Wahenga waliposema mazoea yana taabu walikuwa wakizungumzia ugumu wa kuyaacha, na ugumu huo huo ndio tunaoutaka utufae. Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kwanza, siku 21 ziacheni. Kama ni lazima muandike namba, andikeni kwamba kuna atakayehitaji miezi miwili na kuna atakayehitaji minane, na kwamba wote wawili wako sawa. Pili, ile safu ya hadithi fupi iliyokuwa ikitoka kila Jumatano kwa maandishi makubwa mmeanza kuihamisha: wiki moja iko ndani, wiki nyingine Ijumaa, wiki nyingine haipo kabisa. Huku kwetu wako wazee wanaoikata na kuihifadhi, na wako watoto wanaojifunzia kusoma. Naomba irudi mahali pake na siku yake, hata ikipunguzwa urefu kwa nusu, kwa maana msomaji wa namna hiyo hufuata mahali kabla hajafuata habari.

Kuhusu mpwa wangu, karatasi ya manila iliishia kufungia boksi la chaja. Amebakiza jambo moja kati ya yale 11: anasoma kurasa mbili asubuhi dukani, baada ya kufungua mlango na kabla ya kuwasha redio. Jumamosi iliyopita alikuwa harusini, hakusoma. Jumapili nilipita kununua kava la simu, nikamkuta kichwa kimeinama kitabuni, redio imezimwa, mteja anamsubiri. Sikumuuliza ni siku ya ngapi, na nadhani hata yeye hajui.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani Mstaafu,
Ngamiani, Tanga.